Zamu ya Saa Nane Kifuani mwa Bi Tumu

Siku ya kliniki Bi Tumu alivua buibui lake, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti, na juu ya buibui akaweka mtandio, na juu ya mtandio miwani. Kisha akampa daktari mgongo. Daktari Talha alisugua stethoskopu kwenye kiganja chake ipate joto kidogo, akaiweka chini ya bega la kulia, akasikiliza. Halafu akatazama saa ya mkononi.

"Saa nane kamili," alisema. "King'ora chenu chalia kwa wakati."

"Hakijachelewa hata siku moja," Bi Tumu akajibu. "Hiyo ni zamu ya mchana yaingia."

Kiwanda cha mabati ya asbesto kilichokuwa nyuma ya Chaani, upande wa reli, kilifungwa zamani. Mashine ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kuta zikabomolewa, na leo uwanja wote umejaa makontena. Ila kifuani mwa Bi Tumu hakikufungwa. Humo magunia yalikuwa bado yanachanwa, kinu cha kuchanganyia kinazunguka, toroli zinalalamika, na wanaume wanataniana juu ya makelele. Daktari Talha alikwisha kuandika kwenye faili kwamba mashine zasikika chini ya pafu na watu wasikika juu, ili daktari mwingine akimpokea mgonjwa asipoteze muda kutafuta.

Intisar, bintiye Bi Tumu, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameketi pembeni ameshika bahasha ya picha za kifua. Yeye hakuja kusikiliza kiwanda.

"Daktari, nambie wazi. Mamangu ana muda gani?"

Talha alivuta kiti akakaa. Alikuwa kijana wa Timbwani, mwenye adabu zake, asiyependa kudanganya watu wala kuwavunja moyo, na kuyaweka hayo mawili pamoja kulikuwa kukimchosha kila siku. Alisema saratani hii ya utando wa pafu, iletwayo na vumbi la asbesto, hulala kifuani miaka thelathini, hata arobaini, na ikiamka haina subira. Siku zenyewe hakuna azijuaye ila Mungu. Lakini yapo mambo ya kuangalia. Chembe za ugonjwa huwa za aina mbalimbali, ziendazo pole na zilizo kali, na za Bi Tumu zimechanganyika. Umri nao si mdogo. Damu imepungua, na mwili umekuwa ukikonda tangu Ramadhani, na hayo hayampendezi. Linalompa moyo ni kwamba mgonjwa ni mwanamke, maana ugonjwa huu huwaendea wanawake polepole kidogo kuliko wanaume. Hajavuta sigara maishani mwake. Bado aenda sokoni kwa miguu yake. Na saratani haijavuka upande wa pili wa kifua.

"Na kubwa zaidi ni kuwahi," alisema. "Maji yaliyojaa hapo kifuani tuyatoe, dawa zianze. Tukikaa kungoja, haya mazuri niliyoyataja yatatutoka moja moja."

"Na kiwanda?" Bi Tumu aliuliza, akiwa bado amempa mgongo.

"Kiwanda kimo ndani ya maji, mama. Maji yakitoka, nacho chatoka. Nilikuwa na mzee mmoja wa Kisauni, yeye kifuani mwake mlikuwa na karakana ya breki za magari. Tulipomtoa maji, siku ya pili yake kifua kilikuwa kimya."

Bi Tumu alichukua miwani, akachukua mtandio, akalikunjua buibui.

"Basi n'acheni kwanza," alisema.

Intisar hakuhitaji kuuliza kwa nini. Kwenye zamu ya mchana alikuwamo baba yake.

Mwidani, mumewe Bi Tumu, alikuwa mpasua magunia. Yale magunia yaliposhushwa bandarini na kuletwa kiwandani, yeye na wenziwe ndio waliokuwa wakiyapasua kwa visu na kumimina ile sufi ya mawe, asbesto yenyewe, kinuni, na jioni alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Watoto wa mtaa walimwita Babu, naye hajatimiza miaka thelathini. Alikufa akiwa na hamsini na kitu. Walimtibu kifua kikuu mpaka walipogundua kwamba si kifua kikuu, na wakati huo hapakuwa na la kuwahi. Lakini ndani ya Bi Tumu alikuwa bado kijana mwenye mdomo, na Bi Tumu akiziba masikio yake mawili kwa viganja alimsikia vizuri, akimsimanga msimamizi, akicheka kicheko chake cha kukatikakatika, na mapumziko yakifika akisema, kila siku kwa maneno yale yale, "Leo Tumu amepika nini, jamani, mbona mabegani pangu pananukia udi hata humu?" Na wenziwe wakimzomea.

Mwanamke gani mwenye akili zake angeutoa mdomo huo kwa bomba la hospitali?

Habari ilienea Chaani, na baada ya sala ya alasiri wajane wa kiwanda wakawa wanakuja. Wa kwanza alikuwa Dorothy, jirani wa nyumba ya pili, ambaye mumewe Gedion alitoka bara kuja kufanya kazi ya kinu na hakurudi tena bara isipokuwa ndani ya sanduku. Dorothy alikuja na kiti chake cha plastiki kwa sababu ya magoti, akakiweka nyuma ya mkeka, akaegemeza sikio kwenye mgongo wa Bi Tumu.

"Anaimba ule wimbo wa kanisa," alisema baada ya muda. "Bado anakosea ubeti wa pili."

"Hajawahi kuupata huo," Bi Tumu akasema. "Sogea chini kidogo, hapo kinu kinakusumbua."

Wakanywa chai. Wakakumbushana jinsi king'ora kilivyokuwa kikiendesha Chaani nzima. Hapakuwa na haja ya saa ukutani. Kilipolia cha asubuhi watoto waliosha nyuso, kilipolia cha saa nane wali uliteremshwa, na kilipolia cha usiku mtu aliyekuwa bado yuko kibarazani aliulizwa kwao wapi. Wakakumbuka timu ya mpira ya kiwanda na fulana zake za kijani, na mchele wa Idi, na sukari ya Krismasi, na jinsi kila nyumba ilivyopata vipande vya mabati yaliyovunjika, wakaezekea vyoo, wakajengea mabanda ya kuku, wakawekea sufuria za moto. Walikuwa vijana. Walikuwa na waume. Dorothy alilia kidogo, kilio cha raha, akajifuta kwa leso, akaomba asikilize tena.

Ovaroli nazo wakazikumbuka. Bi Tumu alipoolewa, somo wake aliyemfunda alimwambia kwamba nguo ya kazi ya mume hapewi mtu mwingine kuifua, wala haikung'utwi uani, kwani huko ni kuwaanikia majirani jasho na uchovu wa mtu wako. Hukung'utwa chumbani. Ikishakung'utwa na kufuliwa na kukauka, hutandazwa juu ya tenga, na chini ya tenga huwekwa chetezo chenye makaa na udi, na dirisha hufungwa ili harufu isipotee bure. Mwanamke wa mtu wa bandari angefanya hivyo kwa kanzu tu. Bi Tumu, kwa mahaba, alifanya hivyo kwa ovaroli. Kila Alhamisi jioni alifunga mlango, akafunga dirisha ambalo bawaba yake ilikuwa ikilia, akaipiga ile ovaroli kwenye ukingo wa kitanda mpaka chumba kikawa cheupe, huku akiimba. Alikuwa na sauti nzuri, na alikuwa ameridhika na maisha yake. Intisar, mtoto wa miaka mitatu, minne, alipenda kuingia chini ya tenga na kukaa humo ndani ya hema la nguo ya babake, akichungulia, na akitolewa alirudi.

Wajane hawakutaka makubwa. Waliiomba kampuni iliyorithi uwanja ule iseme tu kwamba lililoua lilikuwa vumbi la kiwanda, na iwapeleke kupimwa vifua wote walioishi na wale wafanyakazi, kabla hawajaugua, kwa vile kila daktari waliyemuuliza alisema jambo lile lile la kuwahi. Kampuni ikamtuma Bwana Ghalib.

Bwana Ghalib alikuwa mtu wa makamo, safi, mwenye kauli laini. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akaketi mkekani na suruali yake ya pasi. Bi Tumu akampa mgongo na Dorothy akamwonyesha mahali pa kuweka sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alisikia magunia, akasikia kinu. Kisha akashtuka, si kwa ajabu, ila kama mtu aliyeitwa.

"Huyo afokaye ni marehemu babangu," alisema. "Alikuwa msimamizi."

"Alikuwa mkali, Mungu amrehemu," Dorothy akasema.

"Nyumbani pia." Bwana Ghalib alitoa kitambaa akafuta macho, wala hakujificha. "Wallahi ni sisi. Siwezi kukataa. Hizi ni mashine zetu, na hii ni sauti ya mzee wangu."

Dorothy na Bi Tumu walitazamana. Intisar, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani.

"Basi iandikeni hivyo," alisema.

"Hilo ndilo gumu, mwalimu." Bwana Ghalib alikunja kitambaa chake kwa uangalifu. "Kampuni yawatambua waliokuwa wafanyakazi, na wafanyakazi karibu wote wamekufa. Mama hapa hakuajiriwa."

"Nilikuwa nikifua ovaroli zenu," Bi Tumu akasema.

"Ulikuwa ukifua za mumeo, mama."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akamaliza kahawa yake, akashukuru. Alipokuwa akivaa viatu aliuliza kama anaweza kuja tena Alhamisi kumsikiliza babake. Akaja, akaleta halua. Alhamisi iliyofuata akaja tena.

Hapo ndipo Intisar alipoishiwa na uvumilivu. Alingoja Bwana Ghalib aondoke na wajane watawanyike, kisha akakusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko vikombe vyenyewe.

"Mama, baba alikufa."

"Najua. Mimi ndimi niliyemfunga kidevu."

"Sasa wakonda ili yeye apate kucheka. Na yule mtu yuwala halua na kusikiliza mzee wake bure kifuani kwako, na barua hataki kuandika. Talha amepiga simu tena. Mimi n'nabaki na nani?"

Bi Tumu alikuwa akijua kwamba mwanawe anasema kweli, na ilimuuma, lakini kila alipojaribu kufikiria nyumba ile bila kicheko cha Mwidani alijiona amekuwa mjane mara ya pili, na safari hii kwa hiari yake. Mara ya kwanza hakuulizwa. Akaziba masikio. Ilikuwa saa ya mapumziko na mumewe alikuwa akiuliza Tumu amepika nini.

Ijumaa Intisar alirudi kuomba radhi, kwa njia yao ya siku zote: alikuja na chupa ya mafuta ya nazi na kitana, akakaa mkekani katikati ya miguu ya mamake. Ana miaka arobaini na kitu, ana watoto wakubwa, lakini kichwa chake hakijasukwa na mtu mwingine. Bi Tumu akamgawa nywele, akapaka mafuta, akaanza kusuka. Intisar akainama mbele ili ukosi upatikane. Bi Tumu, aliyekuwa akichoka upesi siku hizo, aliegemeza shavu lake mgongoni mwa mwanawe apumzike kidogo.

Akasikia makaa yakialika na kupasukapasuka.

Alidhani ni kwake. Akabana pumzi, kiwanda chake kikafifia, na yale makaa yakaendelea. Yalikuwa kwa Intisar. Hapakuwa na mashine humo, wala king'ora, wala mwanamume hata mmoja. Palikuwa na nguo nzito ikipigwa juu ya mti, kung'uta, kung'uta, na mwanamke akiimba. Sauti ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeridhika. Kisha bawaba ya dirisha ikalia, na dirisha likafungwa.

Bi Tumu alikaa hivyo hivyo na shavu lake pale. Jambo la kwanza alilolihisi, na hakumwambia mtu mpaka leo, lilikuwa furaha. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuimba vile. Furaha hiyo haikudumu hata msuko mmoja. Ilipoondoka ikamwacha na woga ambao hakuwa ameuonja hata siku ya kumzika Mwidani.

"Mama, umelala?" Intisar akauliza.

"La. Kaa sawa." Akamaliza kusuka, maana kichwa hakiachwi nusu. Alipofunga msuko wa mwisho akasema, "Kesho twende kwa Talha. Wanitoe hayo maji."

Intisar aligeuka. "Umekubali?"

"Nimekubali. Nataka niwepo. Na wewe utapimwa."

"Mimi n'na nini?"

"Wasikika," Bi Tumu akasema. "Humo mwako nasikika mimi."

Intisar akafunga kizibo cha chupa ya mafuta. Kisha akauliza kama dawa hizo za mshipani zatiwa mtu akiwa amekula au hajala, wakaendelea kuongea hayo.

Maji yalitoka mengi, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Yaliteremka kwenye bomba hadi ndani ya chupa kubwa chini ya kitanda, na kadiri yalivyoteremka kiwanda nacho kiliteremka, mashine kwanza, kisha toroli, kisha watu. Muuguzi Roseline, mwanamke mnene asiye na haraka, alisimama karibu akiangalia chupa isijae kupita kiasi.

"Hii inaongea sana," alisema.

"Ni mapumziko sasa," Bi Tumu akamwambia. "Wakirudi kazini watanyamaza."

Aliomba apewe ile chupa aende nayo nyumbani. Roseline alisema hospitali hairuhusu, maji ya mgonjwa huteketezwa, lakini akaisimamisha kitandani kwa muda ili Bi Tumu aagane na mumewe. Ndani ya kioo Mwidani alikuwa akiuliza mbona mabegani pake pananukia udi hata humu. Wenziwe wakamzomea. Dorothy, aliyekuja na leso yake, aliinamisha sikio akamsikiliza Gedion akikosea ubeti. Kisha Roseline aliinua chupa kwa mikono miwili, akaondoka nayo taratibu ukumbini, na kicheko kile cha kukatikakatika kikasikika kikipita mlango baada ya mlango mpaka kwenye ngazi. Bi Tumu alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wiki ile ile Talha alimsikiliza Intisar. Safari hii hakutazama saa.

"Nani huyu aimbaye?" aliuliza.

"Ni mimi," Bi Tumu akasema kutoka kwenye kiti cha pembeni, ambacho sasa kilikuwa chake. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita."

Picha za Intisar zilitoka safi. Talha alieleza kwamba kwa sasa ni sauti tu, na wapo watu hubaki na sauti tu mpaka wakafa kwa uzee wao. Intisar ni mwanamke, umri bado ni mzuri, havuti sigara, damu yake iko sawa. Na kikitokea kitu, maadamu atakuja kila baada ya miezi sita, kitapatikana kingali kidogo. Hayo yote ni ya kutia moyo, alisema, na akayasema mara mbili. Intisar akauliza je, wale wengine wa Chaani waliokuwa watoto wakati ule. Talha akasema hana namna ya kuwaita. Hilo lingetakiwa lifanywe na kampuni.

Kampuni ilijibu kwamba mwalimu Intisar pia hakuajiriwa. Kwa tarehe yake ya kuzaliwa, hata kama angetaka kuajiriwa, hangekubaliwa. Bwana Ghalib alileta jibu hilo mwenyewe, na pole nyingi, na halua, lakini hakukaa. Kifua cha Bi Tumu kilikuwa kimya na hapakuwa na la kusikiliza. Uwanjani makontena yaliendelea kupandishwa na kuteremshwa, na mtaani mabanda ya kuku yaliendelea kuezekwa kwa yale mabati, na watoto wakipiga mpira ukutani pembe zake zikimeguka na kutoa unga mweupe.

Dawa zilimchosha Bi Tumu, kisha zikamwachia nafasi kidogo. Talha asema anakwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na hasemi zaidi ya hapo. Alasiri, akiwa na nguvu, humwita mwanawe mkekani na kitana, hata kama misuko bado ni mipya. Intisar huinama. Bi Tumu huweka sikio. Makaa hualika, ovaroli hupigwa, na yule mwanamke kijana huimba wimbo wake kwa raha zake zote.

"Tumu," Bi Tumu humwita polepole, mdomo wake ukigusa kanga ya mwanawe. "Tumu wee. Fungua dirisha."

Ndani kuimba hukoma.

"Abee?" huitika yule kijana, kwa adabu aliyofundwa na somo wake. Hungoja kidogo, na kwa kuwa haoni mtu, huenda akalisukuma dirisha na kulifunga vizuri zaidi, udi usije ukapotea.